Stars ikitangulia, shabiki anashika roho mkononi

Usiku wa Januari 21, 2024, kwenye Uwanja wa Laurent Pokou mjini San Pedro, Ivory Coast, Tanzania ilikuwa imebakiza dakika chache kupata kitu ambacho haijawahi kukipata tangu ilipocheza fainali zake za kwanza za Mataifa ya Afrika mwaka 1980: ushindi. Simon Msuva alifunga dakika ya 11 kwa pasi ya nahodha Mbwana Samatta. Zambia walikuwa wachezaji kumi tangu dakika ya 44, baada ya Roderick Kabwe kuoneshwa kadi ya pili ya njano. Nyumbani ilikuwa inakaribia saa 4 usiku. Dakika ya 88 Zambia wakapata kona. Aliyekwenda kuipiga ni Clatous Chama, fundi ambaye Kwa Mkapa alishashangiliwa mara zisizo na idadi akiwa na jezi nyekundu ya Simba. Mpira ukaelea, Patson Daka akaruka juu ya mabeki, akaupiga kichwa. Ikawa 1-1.

Kona ile iligharimu zaidi ya pointi mbili. Siku tatu baadaye Stars ilitoka suluhu na DR Congo mjini Korhogo, Zambia wakafungwa 1-0 na Morocco, na msimamo ukasomeka hivi: Morocco 7, Congo 3, Zambia 2, Tanzania 2, mkiani. Shabiki aliyekaa na kalamu aliona mara moja kilichopotea. Kama bao la Msuva lingelindwa, Tanzania ingemaliza na pointi 4, nafasi ya pili, juu ya Congo na sare zao tatu. Congo haohao waliitoa Misri kwa penalti, wakaitoa Guinea robo fainali, wakafika nusu fainali. Hakuna anayeweza kusema Stars ingefika huko. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ulifungwa na kichwa kimoja cha dakika ya 88.

Maumivu ya shabiki wa Taifa Stars yana sura ya peke yake. Si maumivu ya timu inayopigwa mabao matano kila inapokwenda, wala ya timu kubwa iliyoshuka. Ni ya timu inayotangulia, inayoonekana inaweza, halafu inauachia mchezo uteleze mikononi karibu na filimbi ya mwisho. Stars imecheza fainali nne za AFCON: 1980 Nigeria, 2019 Misri, 2023 Ivory Coast na 2025 Morocco. Mechi 13, mabao 9 ya kufunga, sare 5, vipigo 8. Ushindi, sifuri.

Ukiitazama orodha hiyo kwa karibu, kuna jambo linajirudia mno kiasi cha kutoliita bahati mbaya. Katika fainali tatu za karibuni Stars imetangulia kufunga katika mechi tatu. Ya kwanza ni dhidi ya Kenya, Juni 27, 2019, mjini Cairo. Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja tu baadaye Samatta akarudisha uongozi. Hadi mapumziko ilikuwa 2-1. Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Kenya 3, Tanzania 2. Ya pili ndiyo hiyo ya Zambia. Ya tatu ni dhidi ya Uganda mjini Rabat, Desemba 27, 2025: Msuva alifunga kwa penalti dakika ya 59, Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80, na mwishoni Allan Okello akapaisha penalti ambayo ingewapa Uganda pointi zote tatu.

Dakika ya 80, dakika ya 88, dakika ya 80. Hapo ndipo Stars inapokatikia.

Na nje ya AFCON hali ni ileile. Novemba 14, 2015, Kwa Mkapa, katika kuwania Kombe la Dunia la 2018, Tanzania iliiongoza Algeria 2-0 kwa mabao ya Elias Maguli na Samatta. Algeria ile ilikuwa na Riyad Mahrez na Islam Slimani, na uwanja ulikuwa unaimba. Slimani akafunga dakika ya 71, akafunga tena dakika ya 75. Siku tatu baadaye mjini Blida Stars ilifungwa 7-0, kipigo ambacho wengi bado hawapendi kukitaja. Mwaka 2021, kwenye CHAN ya Cameroon, timu ilihitaji kuifunga Guinea ili ivuke kundi. Baraka Majogoro na Edward Manyama walishafunga, ikawa 2-1. Dakika ya 82 Guinea wakasawazisha, safari ikaishia hapo. Makocha walikuwa tofauti, vikosi tofauti, wapinzani tofauti.

Kila inapotokea hivyo, simu za redioni hujaa majibu matatu. La kwanza: wachezaji hawana uzalendo, wanacheza kwa moyo Simba na Yanga tu. La pili: wa Yanga hawampi pasi wa Simba. La tatu: kocha ameogopa, amepaki basi. Majibu mawili ya kwanza hayasimami mbele ya ushahidi. Timu isiyo na moyo haiendi Yamoussoukro mwezi Septemba 2024, ikatanguliwa na Guinea, ikasawazisha kupitia Feisal Salum, kisha ikafunga la ushindi dakika ya 88 kupitia Mudathir Yahya. Feisal alikuwa wa Azam, Mudathir wa Yanga. Stars inapokimbiza matokeo inaweza kuwa na njaa ya ajabu. Inaposhika matokeo ndipo miguu inakuwa mizito.

Jibu la tatu, la kupaki basi, lina ukweli ndani yake, ila linaishia njiani. Kurudi nyuma baada ya kufunga si dhambi, timu nyingi zimebeba makombe hivyo. Swali ni nini kinafanyika mpira ukishanyang'anywa. Angalia kinachotokea Stars ikiongoza na saa ikiwa imevuka dakika ya 65. Kiungo mkabaji anarudi kukaa katikati ya mabeki wa kati. Mabeki wa pembeni hawavuki tena mstari wa kati. Mawinga wanarudi kuwasaidia mabeki, kwa hiyo Samatta anabaki peke yake na mabeki wawili, wakati mwingine watatu. Mpira unaokolewa, unabutuliwa mbele, unaokotwa na beki wa mpinzani ambaye hana mtu wa kumsumbua, na baada ya sekunde chache umerudi palepale. Faulo, krosi, kona. Kona ya kwanza inaokolewa, na ya pili pia. Dhidi ya Zambia ya watu kumi hali hiyo haikuwa na sababu hata moja, maana timu yenye mtu wa ziada ina kazi rahisi kuliko zote katika soka: kupasiana hadi mwenzako achoke kukimbiza.

Kazi hiyo hata hivyo inahitaji watu maalumu. Inahitaji kipa asiye na haraka, anayeudaka mpira, akaanguka nao, akasubiri, akaurusha kwa beki badala ya kuupiga mbele. Inahitaji kiungo anayeomba mpira akiwa na mtu mgongoni, asiyeogopa kuupoteza. Inahitaji fundi mmoja mbele anayeweza kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona, akaukalia, akavuna faulo, akala dakika nzima. Ukimuuliza shabiki wa Dar es Salaam awataje watu wa namna hiyo aliowaona kwenye ligi miaka ya karibuni, hatakawia. Golini atamtaja Djigui Diarra, raia wa Mali, kipa wa Yanga, au Moussa Camara wa Guinea aliyedakia Simba. Katikati atamtaja Khalid Aucho, Mganda aliyeishika Yanga kwa misimu kadhaa kama nguzo ya katikati ya nyumba. Mbele atamtaja Chama, au Stephane Aziz Ki, au Pacome Zouzoua.

Hakuna Mtanzania hata mmoja katika orodha hiyo, na hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Ligi Kuu ya Tanzania inaruhusu kila klabu kusajili wageni 12. Simba na Yanga, timu mbili zinazotoa sehemu kubwa ya kikosi cha Stars, zimezitumia nafasi hizo kwa akili: zimenunua watu wa kuamua mechi na watu wa kuzifunga mechi. Mzawa amebakiwa na beki ya pembeni, beki ya kati, nafasi moja ya kiungo, labda winga. Nafasi zenye maamuzi mazito ya dakika ya 80, nani aushike mpira, nani aupunguze kasi mchezo, nani apige penalti ya mwisho, ziko kwa maproo. Mchezaji wa Tanzania anaweza kumaliza misimu minne akiwa bingwa wa ligi bila kuwahi kuwa yeye ndiye anayetazamwa na wenzake pale presha inapopanda. Kisha anavaa jezi ya taifa, anaongoza 1-0 mbele ya Zambia, anageuka kumtafuta Aucho. Aucho hayupo. Chama yupo, ila yuko upande wa pili na ndiye anayepiga kona.

Orodha ya wafungaji bora inaonesha jambo hilohilo kwa upande wa mashambulizi. Meddie Kagere wa Rwanda alichukua kiatu msimu wa 2018/19 na 2019/20. John Bocco akakirudisha nyumbani 2020/21, George Mpole wa Geita Gold akafuata 2021/22. Baada ya hapo Fiston Mayele wa Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi walilingana mabao 17, Aziz Ki wa Burkina Faso akafunga 21, Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast akafunga 16. Miongoni mwa watu wachache wa nyumbani waliokaribia katika misimu hiyo mitatu ni Feisal, na mabao yake 19 ya msimu wa 2023/24. Ndiyo maana Stars iliingia fainali za 2025 ikiwategemea Msuva na Samatta walewale waliofunga dhidi ya Kenya mwaka 2019.

Wapo wanaolisikia hilo na kusema basi maproo wapunguzwe, wabaki watano. Wanakosea, na ni vizuri kulisema wazi. Kabla ya wageni hawa kujaa, Tanzania ilikaa miaka 39 bila kuiona AFCON, kuanzia Lagos 1980 hadi Cairo 2019. Ligi yenye wageni bora ndiyo iliyoifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, na Simba fainali hiyohiyo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Beki wa Kitanzania aliyemkaba Aziz Ki kila wiki mazoezini ni beki bora kuliko yule wa zamani. Kumfukuza mwalimu hakumpi mwanafunzi elimu. Kinachokosekana ni mahali pengine ambapo mzawa atabebeshwa mzigo: klabu za nje, au timu ya taifa yenyewe kucheza mechi nyingi ngumu ugenini kiasi kwamba dakika ya 80 isimshtue tena.

Msuva ni mfano mzuri. Alikwenda Morocco mwaka 2017, akacheza Difaâ El Jadidi kisha Wydad, na tangu hapo mabao mazito ya Stars yamekuwa yakipita miguuni au kichwani kwake: moja ya yale matatu dhidi ya Uganda Machi 2019 yaliyoivusha kwenda Misri, kichwa kilichoizamisha Guinea Novemba 2024 na kuipeleka Morocco, na mabao dhidi ya Kenya, Zambia na Uganda kwenye fainali zenyewe. Novatus Miroshi amepita Ubelgiji, Shakhtar Donetsk, hadi Uturuki. Naye alilipa ada yake ya shule. Januari 17, 2024 dhidi ya Morocco alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70 timu ikiwa nyuma 1-0 tu, Morocco wakaongeza mabao dakika ya 77 na ya 80. Lakini mchezaji anajifunza hivyo, na wa aina yake katika nafasi ya kiungo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ushahidi kwamba tatizo hili lina dawa uko karibu, Agosti 2025, kwenye CHAN iliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Mashindano hayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani, na kila mchezaji huitumikia nchi yake, kwa hiyo maproo wa Simba na Yanga hawakuwa na nafasi katika kikosi cha Stars. Ilibidi wazawa wafunge mechi zao wenyewe. Waliwafunga Burkina Faso 2-0. Waliwafunga Mauritania 1-0 kwa bao la Shomari Kapombe dakika ya 89, yaani safari hii dakika za mwisho zilikuwa za kwao. Dhidi ya Madagascar, Clement Mzize alifunga mawili ndani ya dakika 20 za kwanza, Madagascar wakarudisha moja kabla ya mapumziko, na kipindi chote cha pili Stars ikalinda 2-1. Dakika 45 za kushika uongozi mwembamba dhidi ya timu ambayo baadaye ilifika fainali ya mashindano hayo. Kipa alikuwa Yakoub Suleiman, mbele yake mabeki wanaojuana kwa macho kutoka Yanga na Simba. Waliongoza kundi.

Wakatolewa robo fainali na Morocco, 1-0, bao la Oussama Lamlioui dakika ya 65. Hapo hapakuwa na aibu, maana Morocco ndio waliobeba kombe. Kilichouma ni kile kilichofuata. Mapema Novemba, wiki chache kabla ya AFCON, Hemed Suleiman 'Morocco', kocha aliyekuwa nayo timu ile, aliachana na TFF, na nafasi yake akapewa Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa akiifundisha Singida Black Stars. Gamondi ni kocha mzuri, aliwahi kuipa Yanga ubingwa. Lakini kumkabidhi mtu timu ya taifa kwa wiki chache na kumwambia aende akakutane na Nigeria ni kumwonea.

Tena si mara ya kwanza. Emmanuel Amunike aliondolewa mara tu baada ya Cairo 2019, akaja Etienne Ndayiragije. Akafuata Kim Poulsen kwa awamu yake ya pili, kisha Honour Janza, kisha Adel Amrouche. Huyu naye CAF ilimfungia mechi nane katikati ya mashindano ya Ivory Coast, kwa kauli alizotoa kuhusu ushawishi wa Morocco ndani ya shirikisho hilo, kwa hiyo siku mbili baadaye, usiku ule wa Zambia, benchi lilikuwa la Hemed. Kila kocha huja na namna yake ya kulinda uongozi. Mmoja anataka mabeki watano, mwingine anataka timu ikabe juu, mwingine anataka mpira ushikwe. Mchezaji anafundishwa jambo moja nusu, analiacha, anaanza lingine.

Fainali za Morocco zimeleta furaha ambayo shabiki hapaswi kunyang'anywa. Charles M'Mombwa alisawazisha dhidi ya Nigeria dakika ya 50. Feisal alisawazisha dhidi ya Tunisia mapema kipindi cha pili, na kwa pointi mbili tu Stars ikavuka kwenda 16 bora kwa mara ya kwanza, ikiipiku Angola kwa mabao ya kufunga. Rabat, mbele ya wenyeji, iliwachukua Morocco dakika 64 hadi Brahim Díaz alipofunga bao pekee. Watu waliotazama mechi ile walikuwa na haki ya kujivunia vijana wao.

Ila sherehe isiwe pazia. Bao la M'Mombwa dhidi ya Nigeria liliishi dakika mbili, Ademola Lookman akafunga la pili. Uganda walisawazisha zikiwa zimebaki dakika kumi. Stars ilivuka bila kushinda, katika mfumo wa timu 24 unaowapa nafasi washindwa bora wa makundi. Mwaka 2019, timu ilipofuzu kwa kuifunga Uganda 3-0, wachezaji waliahidiwa viwanja Dodoma. Zawadi zile zilistahili, lakini zilikuwa zawadi za kufuzu. Nchi imezoea kulipia kufika, na wachezaji wameusoma ujumbe huo vizuri sana.

Sasa kufuzu kumeondoka mezani. Tanzania, Kenya na Uganda ndio wenyeji wa AFCON ya 2027, na mwenyeji hana haja ya kukata tiketi. Hatari iliyopo ni kwamba mechi za kirafiki zitageuka tamasha Kwa Mkapa, na timu itaifikia siku ya ufunguzi ikiwa haijacheza dakika ya 80 yenye maana kwa muda mrefu. TFF ina jambo moja la kufanya ambalo halihitaji uwanja mpya wala fedha za ajabu: itumie kila dirisha la FIFA lililobaki kucheza ugenini, na timu zilizo juu ya Stars, Dakar, Algiers, Abidjan, Cairo, huku kocha mmoja akiachwa mpaka mwisho. Wapewe viungo wazawa, Feisal, Novatus, Mudathir na vijana wanaofuata, kazi ya kuufunga mchezo bila kusubiri mtu. Wakifungwa dakika ya 85 mjini Algiers kwenye mechi isiyo na pointi, shabiki atakasirika, na atakuwa na haki ya kukasirika, lakini hiyo ni hasara inayovumilika kuliko Zambia nyingine mbele ya watu 60,000 nyumbani.